Telefone Yenye Haikupashwa Kulala

Josué na Riziki, munanicheka. Nilisikia. Juzi nilikuwa ku ngazi, Riziki anasema, "Retraitée yetu leo anapanda pole-pole," na Josué anajibu, "Tumutafutie fimbo." Nilikuwa napanda pole-pole juu nilikuwa nabeba kartoni ya batri, nyiye bajinga, na juu ya nini nilikuwa nabeba batri mutaona mbele. Niko na miaka makumi mbili na nane. Lakini ni kweli: vendredi narudisha ufunguo ya biro, nakwenda Sange kwenye bwana yangu analima muchele, na hii kazi nawaachia nyiye babili. Miaka sita, kazi moja. Kama ile haiko retraite, kustaafu, basi sijue ni nini.

Kila siku ya hii kazi niliandikaka mu kaye. Siku ingine page muzima, siku ingine mustari moja tu: "Imekufa tena." Wiki hii nimesoma kaye zote saba. Sitawaandikia kila kintu. Mimi sina uvumilivu ya kuandika, nyiye hamuna ya kusoma. Nawaachia tu ile yenye itawasaidia, na ile yenye nilipenda.

Maman yangu mupaka leo anaulizaka nafanyaka kazi gani. Namuelezaka hivi. Ku ma centre de santé, pale banachanja batoto, kuko frigo ya dawa za chanjo. Ile dawa haipashwe kupita huit degrés, ni kusema nane, na haipashwe kuganda. Ikipata joto inaharibika, na macho haione. Inabakia safi sawa maji. Basi juu ya frigo tunaweka telefone. Ndani tunaweka kipimo kidogo ya baridi chenye kinaongea na ile telefone. Kila quinze minutes, robo saa, telefone inasoma degré, inatutumia hapa ku biro Bukavu. Ikiona joto inapanda, inalia, inaita muganga. Ni ile tu.

"Na weye sasa unafanya nini?" maman anauliza.

Mimi nafanya ili isikufe.

Juu telefone zinapenda kuua, njo kazi yote iko pale. Aplikasio yenye mutu anaangalia, telefone inaiheshimu. Lakini yenye inafanya kazi kinyuma, kioo imezimika, mutu haigusi, telefone inaiona sawa mugeni mwenye anakula batri ya bure. Inaivumilia kidogo, kisha inaifukuza. Haisemi kintu. Kesho unakuta saa inatembea, reseau ya kupigia iko, photo ya mutoto iko pale inacheka, na aplikasio yako ilikufa tangu jana.

Sasa Maman Nsimire.

Nyiye munamujua vile iko leo, anacheka, anawaletea avoka. Mimi nilimujua mbele. Ni infirmière, muganga mukubwa ya centre ile ya kule juu ya Mudaka, pale moto, ile pikipiki, inakuacha na unapanda kwa miguu kati ya mashamba ya maharagi. Blouse yake ilikuwa imepigwa pasi mupaka ingeweza kusimama yenyewe. Yeye njo wa kwanza alikubali telefone yetu. Nilimuwekea juu ya frigo, nikapanguza kioo na kikono ya shati, nikasimama sawa mutu mwenye amejenga kiraro ya kuvuka muto.

"Inalalaka?" akaniuliza.

"Hapana, maman."

"Mimi nalalaka."

"Yeye hapana."

"Hata courant ikienda?"

"Hata courant ikienda. Iko na batri yake."

"Unaapa, mwana wani?"

Mwana wani ni Mashi, luga ya kwetu, ni kusema mutoto yangu. Mutu akikuita vile, huwezi kumuambia "tutaona". Nikaapa.

Sikujua naapa juu ya nini. Kumbe ilikuwa miaka saba Maman Nsimire hajalala nje ya Mudaka hata samedi moja, mwisho ya juma. Ile frigo alikuwa anaangalia asubui na magaribi, anaandika degré ku karatasi ya ukuta, na dimanche pia, siku ya Mungu, juu hakuamini mutu. Binti yake aliolewa hapa Kadutu. Maman alishuka ku ndoa, akapanda mbele bakate gato, ile keki ya ndoa. Sasa ule binti alikuwa amezaa, mutoto mwanamuke, na batizo ilikuwa dimanche. Njo maana aliuliza kama telefone inalalaka. Alitaka kubeba mujukuu yake mu kanisa, kisha alale kule siku mbili bila kuwaza frigo. Akaenda.

Samedi, mbele ya midi, courant, umeme yote, ikakatika Mudaka. Haikurudi mupaka lundi. Telefone haikulia hata mara moja. Dimanche magaribi Maman Nsimire akarudi na kipande ya gato imefunikwa na sahani, akafungua frigo. Dix-sept degrés, kumi na saba. Na telefone iko pale juu, muzuri, batri soixante pour cent, zaidi ya nusu.

Mardi ilikuwa siku ya chanjo. Bamaman bengine banatembeaka masaa mbili, mutoto ku mugongo. Ni yeye mwenyewe alisimama ku mulango kuwaambia dawa imeharibika, barudi. Mercredi akakuja biro. Mara yake ya kwanza. Telefone alikuwa ameifunga mu kitenge sawa vile banafungaka mutoto, akaiweka ku meza yangu.

"Nakurudishia mutoto yako," akasema. "Analala vizuri sana."

Na akaenda. Hakupiga kelele, na mimi nilikuwa natamani apige. Kaye yangu ya ile siku iko na neno moja: "Nilimudanganya."

Lakini nilikuwa nimedanganya namna gani? Hapa musome vizuri, juu hii makosa mutafanya na nyiye, na pengine mumeshaanza. Nilikuwa nimejaribu ile aplikasio majuma sita. Majuma sita! Nilikuwa na liste muzima mu komputa, kila quinze minutes, hata moja haikukosa. Nikamuita Papa Deo aone. Papa Deo njo alikuwa anatuwekea ma kipimo mu ma frigo. Ni frigoriste, fundi ya frigo, ya zamani, mikono inanukaka sabuni kila saa juu anatafutaka pale gaz inatoka na povu ya sabuni. Alikuwa anakula mukate na avoka.

"Angalia, papa!" nikamuambia, nilikuwa karibu kulia. "Onyesha pale imekosa! Onyesha!"

Hakuangalia komputa. Aliangalia meza.

"Ile kamba ni ya nini?"

"Ni ya kupitisha programme kutoka mu komputa kwenda mu telefone."

"Inaleta courant pia?"

"Inaleta."

"Unaitoshaka saa gani?"

"Kama naenda nyumbani."

"Na kule nyumbani?"

"Iko mu mufuko yangu, natembea nayo."

Akameza mukate pole-pole, mimi nilikuwa nataka kumuvuta ile avoka mu mukono. "Basi, Nabintu," akasema, "hii telefone weye haujaiona na usingizi. Iko ku kamba inakula, ama iko mu barabara inatembea. Kule ku frigo inakula nini kama courant imeenda? Na inatembea wapi?"

Hata leo nikikumbuka, masikio inapata moto.

Telefone yenye iko ku courant hailalake kabisa. Telefone yenye inatikisika mu mufuko hailalake kabisa. Lakini utoshe chargeur, uzime kioo, uilalishe fasi moja bila kuigusa: inaingia mu usingizi ya kweli. Inaamuka mara moja-moja, na kila mara inakawia zaidi kuamuka. Kila kazi ya kinyuma inaambiwa ngoja. Na yetu inakaaka wapi? Juu ya frigo, haitikisike. Courant ikiwa iko, chargeur inaikamata macho wazi. Siku courant inaenda, frigo inaanza kupata joto, na dakika ile ile telefone inapoteza chargeur yake, inalala. Nilikuwa nimetengeneza mulinzi mwenye anasinzia saa ile muizi anafungua mulango.

"Sasa ipe siku muzima bila kuigusa, uone," Papa Deo akasema.

Siku muzima! Mimi! Mimi natoshaka chungu ku moto mbele maji itokote. Nililalisha telefone ku kabati. Kisha dakika kumi nikawasha kioo nione kama imelala. Kisha saa moja, tena. Na kila mara nikiwasha kioo, naiamusha. Siku mbili nilikuwa nafikiri kama ugonjwa imeisha, kumbe ni mimi mwenyewe nilikuwa nainyima usingizi na macho yangu. Mwisho nikaipelekea maman.

"Maman, weka hii mu malle, mu sanduku yako, funga, ficha ufunguo. Hata nikilia usinipe mupaka kesho saa kama hii."

Akaiangalia juu na chini. "Ni telefone ya mwanaume?"

"Ni ya frigo, maman!"

"Eeh. Sasa banaume banaitwaka Frigo."

Kesho yake akafungua malle. Telefone ilipashwa kusoma degré karibu mara mia moja. Ilikuwa imesoma mara ine. Ine! Nikapiga kelele ya furaha, nikaruka, nikamubusu. Mutu mwenye ameona ugonjwa na macho yake anafurahi sawa mutu mwenye amepona. Maman akajua tu kama Frigo amekubali kunioa.

Basi, Josué: siku unaniambia "nimejaribu, inafanya", mimi nakuulizaka malle iko wapi. Unafikiri nachekesha. Siko nachekesha. Tosha kamba, lalisha, funga, toa ufunguo kwa mutu mwenye hakuogope. Kisha kesho uhesabu.

Nikapanda tena Mudaka na Papa Deo. Maman Nsimire akatupokea ku mulango, hakutukaribisha ndani.

"Umekuja kuapa tena?"

"Hapana, maman. Siapi tena. Nimejua juu ya nini ililala, na nimeitafutia dawa. Lakini siku ingine itakufa na kintu ingine yenye sijajua."

Akageukia Papa Deo. "Na weye papa, huyu mutoto unamuamini?"

"Mimi naamini frigo tu, maman. Lakini huyu alifungia telefone mu malle siku muzima, na hakuigusa. Naona akili inaanza kukuja."

Akacheka kidogo, akatukaribisha ndani. Akaacha tuweke telefone. Lakini hakuenda hata fasi moja. Asubui na magaribi, karatasi ya ukuta, samedi, dimanche. Ule mutoto wa Kadutu akaota meno, akasimama, akatembea, koko yake, mama ya mama yake, anaona mu photo tu. Kila nikipanda alikuwa ananionyesha photo mupya. Ananionyesha, ananingoja nimalize kuangalia, anarudisha mu mufuko ya blouse.

Ile dawa yangu ya kwanza, nyiye hamukuiona, na shukuru Mungu. Wakati ule tulikuwa na ujanja: telefone haiuake aplikasio yenye iko inapiga muziki. Njo tukaweka muziki mwenye hauna sauti. Wimbo wa kimya, unarudia, unarudia, telefone inafikiri mutu iko anasikiliza. Nilijiona mwerevu! Lakini Maman Nsimire alikuwa anasikiliza abari mu telefone ile ile, na kila quinze minutes wimbo wangu wa kimya ulikuwa unakata radio.

"Mutoto yako hana adabu," akaniambia. "Kila mutu wa abari akitaka kutaja jina ya mutu, anamufunga kinywa."

Kisha telefone mupya zikakuja, ile ujanja zikakataa. Kila mwaka ni vile. Ile yenye jana ulikuwa unaruhusiwa, leo telefone inaita wizi. Musikasirike. Mimi nilikasirika miaka mbili, haikunisaidia. Njia yenye inabakia ni kujionyesha. Telefone inaacha muzima ile aplikasio yenye inakubali kuonekana: inaweka mustari moja pale juu ku kioo, saa zote, mwenye telefone aone kama kuko mutu iko anafanya kazi. Na unaomba ruhusa ya batri, na mwenye telefone anakubali na kidole yake mwenyewe. Hauingie na dirisha. Unapita ku mulango, unasema jambo.

Bon, nikaweka mustari. Nikaandika vile nilisoma ku shule: "Service en cours," kazi inaendelea. Nikajua kama nimemaliza.

Ikaanza kufa kila samedi. Samedi tu! Saa ine ya asubui, kila juma. Nikachunguza reseau, nikachunguza courant, nikachunguza saa ya telefone. Hakuna. Kaye inasema: "Ama kuko shetani, ama niko mujinga." Samedi ya ine nikachukua moto, nikapanda Mudaka mapema, nikaikala ku banc ya bagonjwa, nikangoja.

Muko munajua samedi ni siku ya salongo. Asubui kila mutu anatoka na fagio na jembe, tunasafisha fasi yetu mbele kazi ianze. Maman Nsimire akafagia uwanja, akapiga sakafu maji, akapanguza frigo. Akanawa mikono. Akaikala, akachukua telefone, na kidole gumba akaanza kusukuma kila aplikasio inje, moja-moja. Fya. Fya. Fya.

"Maman! Uko unafanya nini?"

"Salongo."

"Salongo ya telefone?"

"Samedi tunafagia fasi zote. Unataka nifagie mupaka choo, kisha niache takataka mu telefone? Na angalia, kuko hii mustari hapa juu. Haiendake. Service, service. Service ya nani? Mimi sikuiita."

"Ni mimi, maman. Ni ile yenye inachunga frigo."

Akaniangalia sawa vile anaangaliaka mutu mwenye ameficha ugonjwa. "Na juu ya nini haisemi? Mutu mwenye anaikala mu nyumba yangu siku zote, aseme jina na kazi yake. Mwenye anavizia tu pale juu, mimi namufagia."

Sikungoja nifike Bukavu. Nilifungua komputa pale pale ku banc ya bagonjwa, nikaandika mustari ingine, nikaipitisha mu telefone, nikamurudishia. Aliisoma na sauti: "Ni mimi, nachunga frigo. Degré iko 4. Usinifagie, maman."

Alicheka mupaka mugonjwa mwenye alikuwa analala ndani akauliza kuko nini. Tangu ile siku anaisalimiaka kila asubui: "Jambo, mulinzi." Na samedi anafagia zote, yeye anamuruka.

Josué, najua unataka kuitosha ule mustari, uliniambia unaonekana wa kitoto, hauko professionnel. Nakuomba. Uache.

Njo nilifikiri tumeshinda. Kisha Kamituga, centre yetu ingine kule ku machimbo. Ule muganga wa Kamituga aliweka code mu telefone juu bachimbaji balikuwa banapita kwake kila saa, aliogopa bataiiba. Alifanya vizuri. Lakini courant ikaenda siku tatu, batri ikaisha, courant ikarudi, telefone ikawaka yenyewe na ikabakia pale ku mulango inangoja code. Mulinzi iko inje, ufunguo iko mu kichwa ya muganga, na muganga iko ku semina. Tulijua kisha siku tano. Dawa ilikuwa nzima kwa bahati tu, juu frigo ya kule ni ile yenye iko na barafu ku kuta. Mimi niliingia mu atelier ya Papa Deo, fasi anatengenezaka frigo, pale Nyawera, nikaikala ku bidon, nikamuambia nimechoka. Miaka mbili napigana isikufe, na inakufa.

Kule kwake kulikuwa frigo sita ao saba, zote zinanguruma. Yeye alikuwa amezipa mugongo, anafunga boulon na spana.

"Frigo zote zenye nimetengeneza zimekufaka," akasema. "Unafikiri zile za mwaka wangu wa kwanza ziko wapi? Mimi siko nangoja zisikufe."

"Sasa unangoja nini?"

"Sikiliza." Akaendelea na boulon yake. Nilisikiliza. Kelele tu. Kisha moja pale kinyuma ikanyamaza, na Papa Deo akageuka mbele mimi nisikie kama kuko kintu imebadilika. "Zikinguruma, nafanya kazi yangu," akasema. "Ile inanyamaza, naenda kuona."

Nilirudi biro na mbio, siko nadanganya, na miguu, kutoka Nyawera. Mimi nilikuwa nangoja telefone ilie kama kuko matatizo. Lakini yenye imekufa inalia na kinywa gani? Njo tukatengeneza ule ukuta, ile kioo mukubwa yenye nyiye munaona kila siku: majina ya ma centre zote, na ile yenye inakaa quarante-cinq minutes, dakika makumi ine na tano, bila kutuma degré, jina yake inakuwa nyekundu, kengele inalia hapa, kwetu, na mutu anapiga telefone kwa mutu. Mambo yenyewe ni mepesi. Ilinichukua miaka mbili na boulon ya muzee.

Nikapigia Maman Nsimire, nikamueleza. Akasema tu "Ah bon." Lundi, saa ya chakula, Mudaka ikawa nyekundu. Nikaita.

"Maman, telefone ya frigo imenyamaza."

"Najua. Niliizima mimi." Nilisikia anatafuna. "Umefanya quarante-six minutes. Nilikuwa nahesabu: moja tu zaidi."

Jeudi akaizima tena. Nikaita. Juma ingine, siku ya mvua mubaya, akaizima tena. Nikaita. Mara ya tatu alikata tu. Na samedi ile, salongo ilipoisha, akafunga sakoshi, akashuka Kadutu. Ule mutoto alikimbia kujificha mu kitenge ya mama yake, juu hakumujua. Maman Nsimire alinielezaka ile mara mingi, na kila mara anamaliza vile: "Dimanche magaribi alikataa niende."

Sasa samedi iliyopita. Mulikuwa pale, mulifanya kazi yenu, lakini kuko kintu hamukuona juu muligeukia ukuta. Mimi niliona.

Ilikuwa chakula ya kuniaga. Bugali, lenga-lenga, sambaza za kukaanga, zile samaki ndogo za ziwa, Papa Deo na avoka yake. Maman Nsimire alikuwa ameshuka na mujukuu yake, ule wa batizo, sasa iko na miaka sita na meno mbili inakosa, ameikala ku magoti yake. Na kengele ikalia. Mudaka. Nyekundu.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Sakoshi ku bega, nilikuwa natafuta moto mu kichwa yangu: gani anapanda haraka, gani iko pale inje. Nilikuwa najua pia kintu yenye nyiye hamukujua. Batri ya ile telefone ilikuwa imechoka tangu mwezi iliyopita, na batri mupya ya kuibadilisha ilikuwa inalala mu tiroir ya meza yangu. Nilisema nitaipeleka kesho. Kesho, kesho. Njo maana juzi munaniona ku ngazi na kartoni: nimebadilisha yake, na siendi Sange mbele zingine zote zibadilishwe.

Riziki, weye telefone ilikuwa tayari ku sikio. Josué, weye ulisema, "Degré ya mwisho ilikuwa cinq." Haukupiga kelele. Riziki akasema, "Jambo, tonton, hapa ni Bukavu. Telefone ya frigo imenyamaza, tunaomba uende uangalie. Ndiyo, sasa. Nangoja." Na ule muganga mupya, mwenye anabakia Mudaka kama Maman Nsimire ameshuka, akaenda, akarudi na haya mu sauti, tulisikia sote: salongo, alitosha rallonge, ile kamba ndefu ya courant, apige sakafu maji, akasahau kuirudisha. Frigo na chargeur, zote mbili zilikuwa ku ile rallonge, na batri ya kuchoka ikakufa. "Rudisha, tonton. Sasa unisomee degré." Tukangoja. "Six," Riziki akasema. Sita, chini ya nane. "Six. Iko muzuri."

Wakati ule wote mimi nilikuwa naangalia Maman Nsimire. Mwanamuke mwenye alitoka ku ndoa ya binti yake mbele bakate gato. Alisikia kengele. Alisikia "Mudaka". Alikuwa na sambaza mu vidole anapeleka ku kinywa ya mujukuu, na mukono ukasimama katikati. Akakuangalia, Riziki, na telefone yako ku sikio. Kisha mukono ukaendelea, mutoto akafungua kinywa, na ile ilikuwa mbele useme six. Nawaambia, ilikuwa mbele.

Akachukua sambaza ingine. Njo akaniona niko nimesimama na sakoshi.

"Na weye unakwenda wapi?" akasema. "Ikala, retraitée. Batoto bameona."

Nikaikala.